Mbegu Juu ya Meza ya Fundi

Fundi alikuwa na ila moja iliyojulikana mtaa mzima: ukimpelekea suruali ya kupunguza, unatoka na suruali pamoja na habari za mkewe. Hukumwuliza, lakini utaambiwa. Atakuzungushia futi kiunoni huku anakueleza kwamba mke wake ni mtaalamu wa mbegu kwenye kituo cha utafiti, kwamba lile koti jeupe analovaa kazini kalishona yeye Fundi kwa mkono wake, na kwamba akiishika mbegu anajua kama ni nzima au ni takataka kabla wewe hujamaliza kupiga chafya. Wateja walicheka. "Fundi, wewe umekaliwa," walimwambia. Naye, pini zikiwa mdomoni, aliwajibu, "Heri kukaliwa na mwenye akili."

Mke mwenyewe, ambaye watu walimwita Mama Mbegu, hakuwa mtu wa maneno mengi. Akirudi kazini alipitia dukani kwa mumewe, akavua viatu, akaketi kwenye kiti cha wateja na kunyoosha miguu.

"Leo umenisema kwa nani?"

"Kwa kila aliyeingia."

Ndiyo ilikuwa salamu yao.

Watoto wao wakubwa walishaondoka nyumbani wakati alipokuja huyu wa mwisho, ambaye hakuna aliyemtarajia, wakamwita Kitinda. Kitinda alikuwa na ulimi. Aliweza kumwambia mtu mzima kwamba kaptura yake imemkataa, na mtu mzima akacheka. Basi ukaja wakati ulimi ule ukaanza kuwa mzito. Mtoto akawa analalamika tumbo. Akawa mkali bila sababu. Nyimbo za shule alizokuwa akiziimba mwanzo mpaka mwisho akawa anazikatisha katikati, anasimama analitafuta neno na halipati. Fundi alidhani ni minyoo. Mama Mbegu hakudhani kitu, alimbeba mtoto mpaka hospitali akaomba damu yake ipimwe risasi, yale madini yanayokaa ndani ya betri za magari.

Na risasi ikaonekana. Nyingi.

Wala haikuwa ajabu, ukijua shule ya chekechea ilipokaa. Nyuma yake kulikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Kiwanda kilishafungwa na wenyewe wakaenda zao, ila sumu hawakuondoka nayo. Uwanja uliokuwa kati ya ukuta wa kiwanda na madarasa ulikuwa mtupu kama kiganja. Hata magugu, ambayo huota kwenye ufa wa saruji bila kuombwa, yaliukimbia. Mvua zikikatika, upepo wa kiangazi uliinua vumbi la pale ukalimwaga kwenye madawati, kwenye vikombe vya uji, kwenye nywele za watoto, na kwenye nyumba zote za jirani, ya Fundi ikiwa ya kwanza.

"Dawa zipo kwa waliozidiwa kabisa," daktari aliwaambia. "Huyu hajafika huko, lakini akipitisha kiangazi kingine kwenye vumbi hilo, sitaki kuwaahidi kitu. Akili ya mtoto ikiharibiwa na risasi hairudi."

Fundi alitoka pale akipiga hesabu za la kufanya. Angeweza kumwachisha mtoto shule, ndiyo, lakini vumbi halikuhitaji kuandikishwa ndipo liingie nyumbani kwake. Na wale watoto wengine je? Njia nzima alikuwa anasema, "Tufanyeje? Tufanyeje?" mpaka mkewe akamshika mkono.

"Uwanja ufunikwe," alisema. "Ufunikwe kabla upepo haujaanza. Hilo tu."

Kwa maneno ilikuwa rahisi. Manispaa walishapanda nyasi pale mara mbili. Zilichipua, zikafika urefu wa ukucha, zikageuka rangi ya zambarau na kufa. Kwa hiyo Mama Mbegu aliposimama kwenye kikao cha wazazi na kusema anataka kupanda nyasi, watu waliguna. Dada yake Fundi, ambaye ni msusi na hajawahi kupitwa na neno, alikuwa wa kwanza.

"Wifi, nyasi za manispaa zimekufa mara mbili. Zako zina roho ngapi?"

"Roho ni ileile moja, wifi. Ila zangu zitakwenda zimejiandaa."

Akaeleza. Na hapo ndipo Fundi alipompendea mkewe, maana alieleza mambo ya maabara kwa namna ambayo hata muuza mkaa alielewa. Mbegu, alisema, ikiangukia kwenye udongo ule inaamka huku inapigwa. Haijajua asubuhi wala jioni, sumu imeshaingia kwenye mzizi wa kwanza. Yeye atakachofanya ni kuiamsha mapema, mahali pa salama. Ataiweka kwenye maji yenye dawa kidogo mno, kiasi cha kuishtua tu. Mbegu itavimba, itadhani shida imefika, na ndani yake itaanza kujitengenezea kinga. Halafu, kabla mzizi haujatokeza, ataitoa majini na kuikausha kivulini, taratibu, hadi irudi ilivyokuwa.

"Ukiitazama kwa macho utasema haijaguswa. Lakini ikifika uwanjani itaota upesi, na sumu haitaikuta imelala."

"Na ukichelewa kuitoa majini?" mwalimu mkuu aliuliza. Alikuwa mama mpole, ambaye kila asubuhi aliwapanguza watoto wote nyuso kwa kitambaa chenye maji, mmoja mmoja, kabla hawajaingia darasani.

"Mzizi ukishachungulia, kuikausha ni kuiua. Hapo ndipo penye kazi."

"Na hiyo risasi itaisha?"

"Haitaisha, mwalimu, nisiwadanganye. Tutachanganya udongo na chokaa na mboji ili sumu ishikwe, na nyasi zitaifunika isiruke. Basi. Wala nyasi hizo asizikate mtu akampa mbuzi wake."

Mzee mmoja mwenye mbuzi alikohoa na kutazama dari. Kikao kikakubali, si kwa kuamini sana, bali kwa sababu hakuna aliyekuwa na wazo jingine. Mvua za mwisho zilikuwa zinanyesha. Zikiisha kabla nyasi hazijashika, watoto watakula vumbi kiangazi kizima.

Tatizo la kwanza lilikuwa nafasi. Chumba cha maabara cha Mama Mbegu kilitosha mbegu za kujaza vikombe, si za kujaza uwanja. Alihitaji mahali pakavu, penye hewa, pasipopigwa na jua, na meza kubwa ya kutandazia mbegu zikiwa mbichi. Akaingia dukani kwa mumewe, akaitazama ile meza ya kukatia nguo, ndefu kutoka dirishani mpaka mlangoni.

"Fundi, naomba meza yako."

"Chukua. Nichukue na mimi."

"Wewe ninaye. Nitandikie matambara safi juu yake, yanywe maji ya mbegu. Kesho naleta."

Sasa sikiliza kosa la mtu anayependa. Fundi alifagia duka, akapanguza meza mpaka ikang'aa, akafungua sanduku la matambara, akayatazama. Vipande vya mashati yaliyochoka, mfuko wa suruali, shuka iliyochanika. Ah! Mbegu za mkewe, mbegu za kumwokoa Kitinda, zilale juu ya matakataka haya? Mtaa mzima utakuja kuchungulia! Akayasukuma kando. Kwenye rafu ya juu alikuwa na jora la kitambaa cheupe cha pamba, kipya, cha ile aina isiyokunjamana hata ukikilalia, alichokiweka kwa ajili ya mashati ya maharusi. Akalishusha, akalikata, akatandika meza nzima, kona kwa kona. Kazi ilipendeza, tusimnyime haki yake.

Mama Mbegu alifika na ndoo za mbegu zilizotoka majini wakati huohuo, na mbegu za namna hiyo hazisubiri mtu amalize kusifiwa meza. Alimwaga, akatandaza kwa viganja, akafungua madirisha. Alikuja kila alipopata nafasi kuzigeuza, na Fundi akawa anashona kwenye kona, anazilinda dhidi ya kuku na dhidi ya dada yake. Zilipokauka zilijaa magunia mawili madogo. Mama Mbegu alichota konzi moja, akaiotesha kwenye visahani vyenye pamba mbichi, kama anavyofanya siku zote. Yeye hajawahi kupanda mbegu ambayo hajaihoji.

Jioni moja alirudi, hakuvua viatu. Alisimama katikati ya duka na kisahani mkononi. Mbegu nyingi zilikuwa zimekaa kimya, na chache zilizoota zilikuwa na vimizizi vya kahawia vilivyojikunja.

"Zimekufa?" Fundi aliuliza.

"Nyingi zimekufa."

Moyo wa Fundi ulishuka mpaka kwenye soksi. Alitaka kupiga kelele, alitaka kumlaumu mtu, hata mvua. Mkewe hakupiga kelele. Aliketi, akaomba maji ya kunywa, akanywa. Kisha akaanza kazi, na Fundi, ambaye kwa miaka yote alikuwa anamsifu kwa kusikia tu, kwa mara ya kwanza akamwona anavyofanya.

Alipanga visahani vitatu juu ya meza. Cha kwanza, mbegu ambazo hazijaloweshwa kabisa: zilikuwa zimeota. Cha pili, mbegu alizoziandaa maabara, akazikausha hukohuko juu ya karatasi: zilikuwa zimeota vizuri kuliko zote, vimizizi vimenyooka. Cha tatu, mbegu za dukani.

"Maji ni yaleyale," alisema, kama anayeongea na visahani. "Dawa ni ileile. Muda ni uleule. Mbegu zilitoka gunia moja. Kwa hiyo hazikufia kwenye maji. Zimeuliwa zikikauka."

"Yaani meza yangu!" Fundi alichukia kidogo. Aliinama kutafuta mafuta ya cherehani, akanusa mbao, akakagua chaki. "Meza hii imenilisha miaka yote!"

"Sijaisingizia. Naiuliza tu."

Alikata kipande cha kile kitambaa cheupe, akakilowesha kwenye bakuli la maji safi, akayaacha maji yakae. Kisha akachukua mbegu nzima, zisizo na kosa lolote, akazimwagia maji yale. Nyingine akazimwagia maji ya bombani. Akafunika visahani, akasema wangoje. Siku zile za kungoja Fundi alishona mikono ya shati la mteja kinyume, ya kulia kushoto na ya kushoto kulia, na mteja, aliyejua habari za mtoto, akalichukua hivyohivyo bila neno.

Walipofunua, mbegu za maji ya bombani zilikuwa zimeota. Zile za maji ya kitambaa zilikuwa zimejikunja na kugeuka kahawia, vilevile kama za kwanza. Fundi akaliinua lile bakuli la kitambaa, akalisogeza puani. Harufu ile kali, ya kuwasha macho, ilimpiga, na akaitambua palepale. Nani asiyeitambua, katika watu wa kazi ile? Ni dawa ya kiwandani, ile wanayopaka vitambaa visikunjamane. Kila siku ya Mungu Fundi humwambia kila mteja, mpaka wameichoka, kwamba nguo mpya ifuliwe kwanza kabla haijagusa mwili. Hajawahi kumwacha mtu atoke dukani bila onyo hilo. Na yeye mwenyewe kazitandikia mbegu za mwanawe kitambaa ambacho hakijaonja maji.

Akaketi sakafuni. "Mama Kitinda, nimeziua mimi."

Hakusema zaidi, alianza kulia. Mkewe alimwacha alie kidogo, maana kuna machozi ambayo ukiyakatiza yanageuka ugonjwa. Kisha akamwambia, "Umeua theluthi mbili. Theluthi moja sikuilowesha. Iko kabatini kituoni."

Fundi alimtazama. "Kwa nini hukuniambia siku zote hizi?"

"Ungeniuliza habari zake kila saa. Tena sikuwa na uhakika kama itatosha." Akajifuta mikono. "Sasa inuka. Nataka matambara. Safari hii matambara kweli."

Kikao kiliitwa tena, kwa kuwa watu walikuwa wanangoja kupanda na maneno yalishaanza kutembea. Mama Mbegu alisimama na kusema mbegu zimeharibika. Sababu ni kitambaa, na kitambaa hakukijaribu kabla ya kukitumia. "Kosa ni langu," alisema. "Kazi ya kujaribu kila kitu ni yangu." Alitamka hivyo wazi, kidevu juu, mbele ya watu waliokwisha kuanza kunong'ona, na hakumtazama mumewe hata kwa kope.

Fundi hakuweza kukaa. "Anawadanganya!" alisema, akainuka na kuangusha kiti. "Mke wangu hajawahi kusema uongo ila leo. Aliniomba matambara, mimi nikatandika jora jipya. Nilitaka kupendeza."

Msusi, dada yake, akafunika mdomo, akashindwa. "Kaka! Wewe? Wewe uliyenirudisha na gauni langu nikalifue ndipo nilivae kwenye msiba? Wewe!" Ukumbi ukaangua kicheko, na Fundi naye, macho mekundu, akajikuta anacheka. Kicheko kile kilifanya jambo ambalo hotuba ingeshindwa. Mtu hawezi kumcheka mwenzake kwa moyo mmoja kisha akaendelea kumnung'unikia.

"Basi nichekeni, lakini nisaidieni," alisema. "Nataka shuka zenu. Si nzuri. Nataka zile mnazozificha mgeni akija. Zilizofuliwa mpaka zimesahau rangi."

Kila nyumba ina shuka moja ya namna hiyo, na hakuna anayependa ionekane. Lakini walizileta. Zilikuja zenye viraka, zenye alama za pasi, zenye mkojo wa watoto ambao sasa wana watoto wao. Msusi alileta ya kwake imefungwa ndani ya gazeti kama nyama. "Ukiifungua mbele za watu, kaka, undugu umekwisha." Fundi alizichemsha zote kwa maji matupu bila sabuni, akazianika, na mkewe akakata ncha ya kila moja akailowesha na kuijaribu kwa mbegu chache. Mbili alizikataa. Mojawapo ilikuwa ya mwalimu mkuu, aliyeomba radhi kana kwamba ametenda dhambi.

Wakati huo mvua zilikuwa zinafikia ukingoni, lakini hewa bado ilikuwa nzito ya maji, na hiyo ikawa shida mpya. Mbegu zilitandazwa, zikakataa kukauka. Asubuhi ikapita, zikawa bado zimenona, zinang'aa. Mbegu iliyolowa ikikaa hivyo muda mrefu itatoa mzizi tu, haijui kwamba inangojwa.

"Nizitoe juani," Fundi alisema.

"Jua litazipasua."

"Niwashe pasi zote mbili, chumba kipate joto."

"Fundi, wewe mbona unataka kuziua kila siku kwa njia mpya?"

Aligawa mbegu upya, tandazo jembamba, chembe isilale juu ya chembe. Meza haikutosha, wakatandika shuka kwenye viti, kwenye rafu, juu ya cherehani, sakafuni juu ya maboksi. Akaleta feni mbili ndogo kutoka kituoni, akazielekeza ukutani, siyo kwa mbegu, ili hewa izunguke bila kuzipiga. Shuka ikinywa maji alizihamishia kwenye kavu. Fundi alikuwa mkononi mwake kama cherehani: akiambiwa geuza, anageuza. Alimwona anapiga magoti kwenye kila shuka, anachukua mbegu kwenye vidole, anaisogeza karibu na jicho kutafuta kile kidoa cheupe cha mzizi unaochungulia. Uchovu ulikuwa umempiga usoni, lakini kila mbegu aliitazama kama ndiyo ya kwanza. Fundi alijiona mjinga kwa miaka yote aliyojisifia koti jeupe. Koti lilikuwa kitu gani? Sifa zenyewe zilikuwa hizi, na hakuwahi kuzitaja kwa kuwa hakuzijua. Vyaelea, vimeundwa.

Alasiri, Mama Mbegu akachota konzi, akaimwaga kwenye sinia la bati. Zikaanguka kwa mlio mzito, wa kunata. "Bado." Baadaye akarudia. "Bado." Jua lilipoanza kuinama akazimwaga tena, na safari hii zililia chwaa, nyepesi, kama mchanga mkavu.

"Umesikia?" aliuliza.

"Nimesikia," Fundi alisema, na akamkumbatia palepale, wateja wawili wakiwa mlangoni.

Alizihoji tena kwenye visahani. Zikaota, vimizizi vimenyooka. Zilikuwa chache, na uwanja ni mkubwa, kwa hiyo aliachana na mpango wa kuzimwaga kila mahali. Alichora mistari iliyokatiza njia ya upepo, kutoka ukuta mpaka ukuta, na kupanda humo tu. Nyasi zile ni za kutambaa, alisema. Zikishika, zenyewe zitakwenda kuziba nafasi. Wazazi walikuja na majembe, nyuso zimefungwa vitambaa, udongo umeloweshwa usitimke. Walichanganya chokaa na mboji mpaka migongo ikauma. Mzee mwenye mbuzi alifanya kazi kuliko vijana, labda kwa dhamiri.

Zilichipua upesi, kabla hata watu hawajaanza kuchungulia. Zilifika urefu wa ukucha. Kisha ncha zikaanza kugeuka zambarau.

Hakuna aliyemtania Fundi, na hilo lilimtisha kuliko kutaniwa. Mama Mbegu alienda uwanjani kila asubuhi na kila jioni, akachuchumaa, akang'oa mche mmoja, akaosha mzizi wake na kuutazama. "Juu zinaumwa," alimwambia mumewe. "Chini zinakwenda. Ngoja." Fundi alingoja kwa sababu ni yeye aliyesema. Angekuwa mwingine yeyote angeshakata tamaa. Mvua moja ikanyesha, ya mwisho kabisa, na baada yake majani mapya yakatoka chini ya yale yaliyoungua, kijani tupu. Yakatambaa. Mistari ikagusana.

Mtaa ukaja kuona. Watu walipiga vigelegele, mwalimu mkuu akalia, msusi akatangaza kwamba huyo ni wifi yake na mtu asije akasahau. Mtu mmoja akasema watoto wafunguliwe milango waje kucheza, sasa hivi, mbona nyasi zimeota? Watu wote wakamgeukia Mama Mbegu, wanatabasamu, wanangoja aseme ndiyo.

"Hapana," alisema.

Tabasamu zikakwama.

"Nyasi kuota ni nyasi kuota tu. Upepo haujavuma. Ngojeni kiangazi kiujaribu uwanja, kisha tupime damu ya watoto. Ikishuka, wacheze."

Walimwona mgumu. Wapo waliosema anaringa. Fundi aliwasikia, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakumtetea mkewe kwa maneno, aliona hahitaji. Watu walikuwa wanampa sifa tayari mkononi, naye alizikataa kwa sababu hakuwa na hakika. Ni wangapi wanaweza hivyo?

Upepo ukavuma. Ulivuma kama kila mwaka, ukang'oa mabati, ukabeba ndoo za watu. Nyasi zikalala, zikainuka, zikalala, na ardhi chini yake ikabaki pale ilipo. Kiangazi kilipofika ukingoni, watoto walipelekwa hospitali.

Daktari aliita Kitinda na wazazi wake. "Imeshuka," alisema. "Haijaisha, itachukua muda, lakini imeshuka sana. Na mtoto nimemsikia huko nje. Ameniambia koti langu limeshonwa vibaya."

"Na wenzake?" Mama Mbegu aliuliza.

"Wote wanashuka."

"Wote?"

"Wote, mama."

Aliitikia kwa kichwa. Akafunika uso kwa mikono na kulia kwa sauti, yeye ambaye hakulia siku mtoto alipopimwa wala siku mbegu zilipokufa. Daktari akamtazama Fundi, hajui afanye nini.

"Mwache," Fundi alisema. "Hayo ameyabeba peke yake muda mrefu." Na akaketi karibu naye, hakumsifia kwa mtu.

Kutoka hospitali walikwenda moja kwa moja shuleni. Mama Mbegu alizungumza na mwalimu mkuu: mikono ioshwe kila watakapoingia, penye upara papandwe tena, na mtu asichimbe. "Sasa watoke," alisema. Mlango ukafunguliwa, na kelele zikatoka kabla ya watoto wenyewe.

Kitinda alibaki kizingitini. "Niende?"

"Nenda."

Alikimbia. Hakufika mbali, mguu ukajikwaa, akaanguka kifudifudi, uso kwenye nyasi. Fundi aliruka. Mwaka mzima mtoto huyu akianguka, kabla hajajua kama ameumia, baba yake alishafika na ndoo ya maji na makelele: usiguse mdomo, usiguse macho, simama, simama! Mama Mbegu akamshika mumewe mkono. Kitinda aligeuza shingo kumtazama baba yake, anangoja makelele. Fundi alifunga mdomo. Mtoto akangoja tena. Alipoona kweli hapigiwi kelele, alilaza shavu lake kwenye nyasi, akabaki amelala hivyohivyo, anamcheka.